Nimevunjiwa mara mbili ndani ya siku 19 hapa Kibirizi, Kigoma. Someni, kisha mniongezee mnachojua

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaba, na kwa sababu najua kuna mwanamke mwingine huku ufukweni ambaye hajaibiwa bado na anafunga mlango kama nilivyokuwa nafunga mimi.

Naishi Kibirizi, juu kidogo ya mwalo. Nanunua dagaa, naanika, nauza. Mume wangu ni mvuvi. Kwa wasiojua maisha yetu: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale tu ambapo hakuna mwezi. Mbalamwezi ikitanda, wanaume wanarudi nyumbani kupumzika siku kadhaa. Mwezi ukiisha, wanaingia ziwani tena usiku kwa usiku. Sasa fikirieni maana yake. Zile usiku za giza totoro, ambazo mwizi anazitaka, ndizo hizo hizo ambazo mtaa mzima hauna wanaume. Na kila mtu anajua, kwa sababu mwezi hauhitaji kuulizia, ukitazama juu umeshapata ratiba ya kila nyumba.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne, mvua inapiga bati kiasi kwamba ukiongea na mtu kitanda kimoja lazima upaze sauti. Nimelala na watoto watatu. Nilipoamka alfajiri nikakuta baridi inaingia kutoka jikoni. Mlango wa nyuma uko wazi.

Naomba niwaeleze nilichokiona kwenye mlango ule, maana ndicho kilichonifungua macho. Kitasa kilikuwa kizima. Kimefungwa vilevile nilivyokifunga, ulimi wake umetoka nje, na kwenye ulimi kumening'inia kipande cha mbao ya fremu. Kitasa nilikinunua bei mbaya, nikajisifu nacho. Kilichokufa ni fremu. Ilikuwa imeshikiliwa ukutani kwa misumari minne, na ukuta wetu ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, si saruji. Waliingiza mtaimbo kati ya fremu na ukuta wakasukuma mara moja. Udongo ulikuwa umemwagika chini mkavu, mwekundu, kama umechotwa kwa kijiko.

Walichukua simu mbili, taa nne za kuvulia, betri mbili za sola, na fedha niliyoificha kwenye ndoo ya unga. Unga waliumwaga kwenye kapeti. Yaani walijua pa kutafuta bila kuhangaika.

Nikaita fundi, akarudisha fremu palepale, kwa misumari ya aina ileile, mirefu kidogo tu. Nikakopa, tukanunua taa na betri mpya, maana bila taa hakuna kazi. Siku ya 19 wakarudi. Mlango uleule. Wakachukua vile vipya.

Naomba mawazo. Nimechanganyikiwa, na kila mtu ananiambia jambo lake: jenga ukuta, fuga mbwa, weka kamera, kazindike nyumba.

—

Kijana_wa_Gungu

Pole sana mama. Kuibiwa vya kwanza kunauma, ila hivyo vya mkopo vinauma zaidi. Nafuatilia uzi huu, na sisi Gungu hali si nzuri.

—

Fundi_Geti_Mwanga

Pole dada yangu. Mimi nachomelea mageti na grili hapa Mwanga mwaka wa kumi na nne sasa, na ulichokieleza kuhusu fremu nimekiona nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Watu wanakuja dukani wanauliza "kitasa gani kigumu?" Hakuna anayeuliza fremu imeshikwa na nini.

Kwa ukuta wa udongo, msumari haufai kabisa. Fanya hivi. Toa fremu ya mbao, weka ya chuma. Kila upande fundi achomelee vipande vitatu vya nondo ya mm 12 vinavyoingia ukutani angalau sentimita 20. Bomoa tofali kidogo pale vinapoingia, kisha jaza zege, siyo udongo. Upande wa kitasa, zege hilo liwe refu kutoka chini mpaka juu, hata kama ni nguzo nyembamba. Hapo mtu akiweka mtaimbo anasukumana na nguzo, hasukumani na misumari.

Cha pili ni bawaba. Milango mingi ya nyuma inafunguka kwenda nje, bawaba ziko nje, na pini yake mtu anaigonga kwa msumari inatoka. Ichomelewe kichwa. Kazi ya dakika mbili, wala wengine hatukutozi.

Cha tatu ni makomeo. Komeo moja katikati halitoshi kwa sababu jiwe likipigwa chini ya mlango, mlango unapinda. Weka mawili, juu na chini, kwa ndani. Mnajua wenyewe habari ya Fatuma, lile jiwe kubwa wanalobeba wawili au watatu wakalitupa mlangoni. Fatuma anaangusha mlango wenye komeo moja kwa pigo moja au mawili. Wenye komeo juu na chini na fremu ya chuma unampa kazi ya kupiga mara nyingi, na kila pigo mtaa unaamka.

Grili za madirisha: nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 12. Halafu pitisha flatibaa mbili za kulala, zichomelewe kwenye kila nondo inapokatiza. Nondo zilizosimama peke yake wanazipanua kwa jeki ya gari, tena kimya kimya, hausikii kitu. Na grili ishikwe ndani ya ukuta, isifungwe kwa skrubu kwa nje kama picha.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Asante sana kaka fundi. Hiyo ya bawaba nimeenda kuangalia sasa hivi kwa tochi, kweli ziko nje na pini inacheza.

Swali: dirisha la chumba cha watoto nikiliziba kwa nondo hivyo, na nyumba ikishika moto?

—

Fundi_Geti_Mwanga

Umeuliza swali ambalo wateja wangu wengi hawaulizi, na mimi huwa nawalazimisha. Dirisha moja katika kila upande wa vyumba vya kulala liwe na grili ya kufunguka, yenye bawaba kwa ndani na kufuli. Ufunguo utundikwe ukutani mahali ambapo mtoto wa miaka minane anaufikia, lakini mkono wa mtu aliyeko dirishani haufiki. Fanyeni mazoezi gizani, kila mtoto aufungue mwenyewe. Zimamoto ni 114, lakini gari lao likifika Kibirizi nyinyi muwe mmeshatoka.

—

Mtafiti_Mdogo

Pole mama. Nilisoma sosholojia chuoni na kuna jambo moja kwenye maelezo yako limenigusa: siku 19.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Rochdale, Uingereza, kulikuwa na mtaa unaitwa Kirkholt uliokuwa ukivunjwa nyumba kupita kiasi. Watafiti, akiwemo Ken Pease, walichunguza nyumba zilizovunjwa. Wakakuta kuwa nyumba iliyokwisha kuvunjwa ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko ambayo haijaguswa, na mwizi akirudi hurudi mapema. Sababu ni nyepesi: anajua njia, anajua mlango ulivyo, na anajua mwenye nyumba atanunua vingine kufidia.

Kwa hiyo badala ya kuulinda mtaa wote kwa nguvu ndogo, waliweka nguvu kwenye nyumba iliyotoka kuibiwa. Waliimarisha sehemu mwizi alipoingilia. Waliondoa mita za kutumbukiza sarafu, kwa sababu zilikuwa fedha taslimu iliyokaa ndani ya nyumba. Halafu wakawaomba majirani wa nyumba kama sita zinazoizunguka waitazame nyumba ile kwa makini. Wizi pale Kirkholt ulishuka sana.

Nadhani la kuchukua ni kwamba wiki zile za mwanzo baada ya kuibiwa ndizo za kuziba. Wengi wetu tunazitumia kulia na kutafuta mganga wa kumtaja mwizi.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara tatu. Hasa hapo kwenye kununua vingine kufidia. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipitisha zile betri mpya barabarani mchana kweupe, kichwani, kwenye maboksi yake, kisha boksi nikalitupa jalalani mbele ya nyumba. Wiki nzima lilikaa pale linatangaza.

—

Mwananchi_Ujiji

Mimi nasema walipuliza dawa. Haiwezekani watu wabomoe mlango, wamwage unga, na watu wanne wasisikie. Hapa Ujiji kuna familia iliamka saa nne asubuhi, vichwa vinauma wote, nyumba imebaki tupu. Hiyo ni nusu kaputi.

—

Nesi_wa_Usingizi

Ndugu yangu wa Ujiji, naomba nijibu kwa heshima, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Mimi nawalaza watu usingizi chumba cha upasuaji.

Dawa ya hewa tunayotumia, mfano halotheni, inapita kwenye mashine inayopima, ikiwa na oksijeni, na mgonjwa anavuta kwa barakoa iliyobana uso. Ukimwaga dawa hiyo chumbani inatawanyika. Nyumba zetu zina matundu juu ya madirisha na upenyo chini ya bati. Ili ijae chumba kiasi cha kulaza watu wanne, mtu angehitaji kubeba dawa nyingi mno, na mwizi naye akiingia angeivuta. Kubwa kuliko yote, anayelala kwa dawa ile lazima awe na mtu wa kumwangalia anavyopumua. Mtoto na mtu mzima hawapokei kiasi sawa. Kama wezi wangekuwa wanapuliza kweli, kila wiki tungekuwa tunazika watoto.

Mama alilala fofofo kwa sababu alifanya kazi juani siku nzima, na mvua ilikuwa inapiga bati. Hilo linatosha kabisa.

Ila hao walioamka na vichwa vinauma wote, naomba waulizwe jambo moja: jiko la mkaa lilikuwa ndani? Usiku wa mvua watu wanaingiza jiko ndani ili wapate joto, wanafunga madirisha. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaumiza kichwa, inaleta usingizi mzito, na inaua. Hiyo naiogopa kuliko mwizi. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

—

Mwananchi_Ujiji

Sijawahi kuelezwa hivyo. Jiko lilikuwa ndani, ndiyo. Nitawaambia.

—

Mnyamwezi_wa_Ipuli

Mwangaluka ndugu zangu wa Kigoma. Mimi niko Tabora mjini, Ipuli, kwetu ni kijijini upande wa Uyui. Nimesoma kuhusu zile nyumba sita za Uingereza nikamkumbuka marehemu baba.

Huku Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi, wananchi wakaanzisha sungusungu. Silaha yao ya kwanza, kabla ya upinde, ilikuwa mwano. Yowe. Ukipigwa mwano, mwanamume aliyeusikia lazima atoke, na asiyetoka alitozwa faini. Baba alikuwa analala na upinde umeegeshwa mlangoni. Mwaka 1989 serikali ikawaingiza kwenye sheria ya mgambo.

Sitasema yote yalikuwa mema. Watu waliadhibiwa kwa kusingiziwa, na wengine, hasa vikongwe, waliumizwa bure. Lakini ule mwano, kwamba sauti moja inaamsha nyumba nyingi na kila mmoja anajua wajibu wake, ndicho kitu tulichopoteza mjini. Hapa Ipuli mtu anapiga kelele za mwizi, majirani wanazima taa.

Na tusidanganyane kuhusu kuta. Mwenye nyumba tajiri jirani yangu alijenga ukuta wa futi nane na vioo juu. Wezi wakaruka mara moja, halafu wakawa na uwanja mzima wa kufanyia kazi bila kuonekana na mtu. Sisi tunaoishi kwa uzio wa minyaa wa kufika kifuani tunaonana mpaka jikoni. Mwizi anaona taabu kupita kwenye minyaa, utomvu wake ukimwingia machoni anaunguzwa, lakini jirani anakuona.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Kaka wa Ipuli, hapo kwenye kusingizia naomba nitoe jambo ambalo sikuliandika mwanzo, kwa aibu.

Baada ya mara ya pili, nilimtaja kijana mmoja. Huwa ananibebea magunia kutoka mwaloni, anaingia mpaka jikoni, anajua kila kona. Nilisema mbele ya watu, "Huyu ndiye." Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na hasira tu. Ndani ya dakika chache kulikuwa na watu thelathini, mmoja ameshika tairi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mtu mzima kabisa, alimkumbatia yule kijana akakaa naye chini, akasema anayetaka kumpiga aanze na yeye. Ndipo nikapata akili.

Usiku ule wa wizi kijana alikuwa Kasulu kwenye msiba wa bibi yake. Kila mtu wa kwao alikuwa shahidi. Ningekuwa nimeua mtoto wa mwenzangu kwa ajili ya betri.

Natetemeka nikiandika hivi. Naomba yeyote anayesoma hapa, ukiibiwa, funga mdomo wako siku ya kwanza. Nenda kituoni ukaseme huko.

—

Mgambo_Mstaafu

Binti yangu, umefanya vizuri kulitoa hilo. Nimefanya kazi za ulinzi miaka mingi na nimekuta maiti tatu za "mwizi" ambao hawakuwa wezi. Waliopiga walirudi nyumbani wakala chakula cha jioni. Kuvunja nyumba usiku sheria yetu inaweza kumfunga mtu mpaka miaka 20, kwa hiyo hakuna sababu ya raia kujifanya hakimu na mnyongaji.

Niseme machache ya usiku wenyewe, maana watu wanaulizia mlango tu.

Ukisikia mtu yuko ndani, usimfuate. Mwizi aliyekutana na wewe ana kwa ana kwenye korido nyembamba anaogopa kuliko wewe, na mwenye hofu akiwa na panga ndiye mbaya. Mlango wa chumba cha kulala uwe na komeo kwa ndani, watoto wawe nawe. Washa taa, piga kelele, piga 112, na muwe na namba ya polisi kata wenu na ya mwenyekiti wa mtaa kwenye simu. Mpe njia ya kukimbia. Anayekimbia na redio hajakuumiza.

Ukikuta umeibiwa asubuhi, usifagie. Najua wanawake mnaona aibu ugeni ukikuta unga sakafuni, lakini alama za vidole na nyayo zinaondoka na ufagio. Chukua RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, hata kama unaona haisaidii. Bila RB, mali yako ikikamatwa mahali huna pa kusimamia.

Andika namba za vifaa vyako. Simu, bonyeza *#06# utapata namba ya IMEI, iandike kwenye daftari linalokaa nje ya nyumba hiyo, kwa dada au kanisani au msikitini. Betri na taa, chonga alama yako mahali pawili, pa wazi na pa kificho. Ya wazi wataikwangua. Ya kificho ndiyo itakayokurudishia.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la alama: tuweke wapi kwenye betri?

—

Mgambo_Mstaafu

Marahaba. Chini, upande unaokaa sakafuni, karibu na pembe. Mtu anayenunua betri ya wizi hutazama juu penye waya.

—

Mweka_Hazina_Katubuka

Wadada, naomba niongeze upande wa fedha kwa sababu hapo ndipo mama alipoumia mara ya kwanza. Ndoo ya unga, chini ya godoro, ndani ya nguo za mtoto, nyuma ya picha ya harusi: hizo ni sehemu ambazo mwizi anaanzia.

Sisi kikoba chetu tulikuwa na sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Utaratibu mzuri, mwanachama mmoja hawezi kufungua peke yake. Lakini sanduku lilikaa kwa mtu mmoja, na siku ya mkutano linapita mtaani kichwani. Mwizi hana shida na kufuli tatu, anabeba sanduku zima. Lilibebwa, karibu na mgao wa mwisho wa mwaka, wakati limejaa. Mwenzetu aliyekuwa analitunza hakuwa na kosa, lakini mpaka leo wapo wanaomtazama kwa jicho lingine, na inaniuma.

Sasa fedha yetu inaingia akaunti ya kikundi siku hiyohiyo. Sanduku tumebaki nalo, lina vitabu na mihuri tu, na tumewaambia watu wote kwamba halina kitu. Kutangaza kwamba nyumba haina fedha ni ulinzi pia.

—

Kijana_wa_Gungu

Na mbwa? Na kamera?

—

Mnyamwezi_wa_Ipuli

Mbwa mzuri ni wa kubweka, siyo wa kuuma. Afungiwe mchana, afunguliwe usiku, afundishwe kula kwenye chombo chake tu kutoka kwa watu wa nyumbani, maana wanatupiwa nyama yenye sumu. Na achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, usije ukakimbia mwizi ukamzika mtoto. Kanga nao ni walinzi wazuri sana. Kanga akishtuka usiku hakuna atakayelala, na hali nyama ya kutupiwa.

—

Fundi_Geti_Mwanga

Kamera nimewafungia watu. Inafaa kama umeme upo na bando lipo. Umeme ukikatika usiku, kwaheri. Kwa fedha hiyo hiyo nashauri kwanza taa mbili za sola zinazowaka mtu akipita, moja ikielekea mlango wa nyuma. Iwekwe juu, mtu asiifikie kwa mkono, na isimulike uso wa jirani, maana jirani akichukizwa nayo hataitazama.

—

Mwananchi_Ujiji

Na kuzindika? Msicheke, nauliza kwa nia njema. Wazee wetu walifanya.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Hakuna wa kukucheka, kaka. Mama mkwe wangu alileta mtu akazindika baada ya mara ya kwanza. Sitasema neno baya juu yake, alifanya kwa kunipenda. Ila mimi nafsi yangu ilitulia, nikaacha kumsumbua fundi kuhusu fremu. Utulivu ule ndio ulioniponza. Anayetaka dua au zindiko afanye, ni imani yake, lakini fundi aje kwanza.

—

MamaDagaa_Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, narudi baada ya wiki tano kama nilivyoahidi kwa wale walionifuata pembeni.

Fremu ya chuma imesimama. Fundi wa humu alikuja mwenyewe kutoka Mwanga, tukabomoa pembeni, tukajaza zege mpaka juu. Nimeisukuma kwa bega kama mwendawazimu, haitikisiki. Komeo juu, komeo chini, pini za bawaba zimechomelewa. Grili ya watoto inafunguka, na mdogo wa miaka saba anaifungua gizani, nimempima kwa kuhesabu, kabla sijafika ishirini anakuwa nje. Betri na taa zimechongwa. Mume wangu haziachi nyumbani tena mwezi ukiwa mkubwa. Wamekubaliana wenye mitumbwi saba, zinakaa pamoja kwenye chumba kimoja karibu na mwalo, na wanalinda kwa zamu.

Lakini jambo ninalotaka mlisikie ni la filimbi. Nilizunguka nyumba sita zinazoonana na yangu. Tatu zina wanaume wanaovua, moja ni ya mjane, moja ya mwalimu, moja ya kijana wa bodaboda. Nilinunua filimbi saba za plastiki sokoni. Tukakaa kwa mwalimu, tukapanga: mlio mrefu mmoja ni "nina wasiwasi, washeni taa". Milio mifupi mfululizo ni "mtu yuko kwangu". Ukisikia, unawasha taa zote, unapiga filimbi yako, unabaki ndani, na mwalimu anapiga simu kwa polisi kata na kwa mwenyekiti. Hakuna anayetoka na panga. Hilo la panga lilileta ubishi mrefu, kijana wa bodaboda alilikataa kabisa, mpaka balozi alipomkumbusha habari za yule mtoto aliyemkumbatia.

Usiku wa nne wa giza mjane alipiga mlio mrefu. Ilikuwa saa nane na robo. Nilishika filimbi mkono unatetemeka, nikawasha taa, nikapiga. Ng'ambo mwalimu akapiga, chini kwa bodaboda ikapigwa, halafu, na hili sikulitegemea, nyumba ambazo hata hazikuwa kwenye mpango zikaanza kuwasha taa moja baada ya nyingine mpaka kilimani. Tulisikia mtu anakimbia kuelekea makorongoni, viatu vinapiga matope. Asubuhi tukakuta mtaimbo umeegeshwa kwenye ukuta wa mjane, chini ya dirisha. Tumeupeleka kituoni umefungwa kwenye mfuko, hatukuushika kwa mikono.

Kama ni wale wale sijui, na simtaji mtu.

Kuhusu kijana niliyemsingizia, nilikwenda kwa mama yake na mume wangu na balozi. Nilipiga magoti. Mama yake hakuniambia kitu kwa muda mrefu sana, kisha akaniambia nikae kwenye kiti. Kijana hakuja kufanya kazi kwangu wiki tatu. Jumamosi iliyopita alikuja bila kuitwa, akapokea nondo za dirisha la mjane kutoka kwenye toroli, akazibeba mpaka mlangoni, akasema, "Mama, za leo ni bure, ila magunia ni bei ileile."

Mwezi unaisha Alhamisi. Bado kununua filimbi mbili za ziada, mtaa wa chini wameziomba.